Elijah Masinde: Mbukusu Aliyepelekwa Lamu Akarudi Mbukusu

Nimezaliwa Mombasa, na tangu utoto nimezoea kulisikia jina la Lamu likitajwa kwa heshima. Kwetu sisi Lamu ni mji wa vyuo na wanavyuoni, mji wa maulidi, mji wa mafundi wa milango na wa majahazi. Mzee akisema amesoma Lamu, watu humpisha akakaa mbele. Basi utaelewa mshangao ulionipata, ewe msomaji, nilipofika Kitale mwaka wa 1979, ningali kijana, nikalisikia jina hilo hilo likitajwa kama mtu atajavyo gereza.

Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika duka moja la jumla. Nyuma ya duka palikuwa na nyumba za kupanga, na jirani yangu alikuwa mzee wa Kibukusu aliyemaliza nguvu zake katika mashamba ya mahindi ya walowezi. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nikamjibu kwamba kwetu ni Mombasa, lakini upande wa mama asili yetu ni Lamu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba huko mtu akitiwa hawezi kutoka, kwa kuwa kumezungukwa na maji pande zote. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba Lamu ndiko Waingereza walikompeleka Masinde.

Sikumjua Masinde ni nani. Katika miaka kumi na mitatu niliyoishi Kitale, miwili kati yake nikiwa Bungoma, nilimjua kidogo kidogo, kwa kusikiliza wazee na baadaye kwa kusoma. Sikubahatika kumwona kwa macho, ingawa alikuwa hai. Leo nataka kuyasimulia maisha yake, kwa sababu ndani yake mna swali linalotugusa sote tuliowahi kuishi mbali na kwetu: mtu hubakije kuwa yeye katika nchi ya watu?

Kwanza niondoe utata. Masinde ninayemsema si Masinde Muliro, yule mwanasiasa mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1992. Huyu ni Elijah Masinde wa Nameme, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Wote wawili ni Wabukusu, na watu wa pwani aghalabu huwachanganya.

KIMILILI

Masinde alizaliwa yapata mwaka wa 1910 upande wa Kimilili, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Bungoma, chini ya mlima Elgon. Mlima huo Wabukusu huuita Masaba, kama wauitavyo ndugu zao Wagisu walioko upande wa Uganda. Siku hizo wazee walikuwa wangali wakikumbuka vita vya mwaka wa 1895, Waingereza walipozivamia ngome za Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye, wakaua watu wengi kwa bunduki na mizinga. Miongoni mwa askari wa Waingereza walikuwamo Wasudani walioletwa kutoka Uganda. Nchi yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka wa 1902, mpaka uliposogezwa. Hivyo mtu aliweza kulala katika himaya moja akaamka katika nyingine, na hali hajaondoka kitandani kwake.

Kijana Masinde alikulia mikononi mwa wamisheni wa Friends, Wamarekani waliofika Kaimosi mwaka huo huo wa 1902 kisha wakaenea mpaka nchi ya Wabukusu. Jina la Elijah alilipata huko. Alikuwa na mwili wenye nguvu, na sifa yake ya kwanza haikuwa ya dini wala siasa bali ya mpira. Aliongoza timu ya Kimilili, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akachaguliwa kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika kombe la Gossage. Fikiri jambo hilo, msomaji. Mtu ambaye baadaye serikali ilimwita adui alikuwa amevaa jezi ya nchi yake kabla ya wengi kujua kwamba Kenya ni nchi.

Ugomvi wake na wamisheni ulianza kwa jambo ambalo kwetu sisi lina sheria yake iliyo wazi. Alioa mke wa pili. Kanisa likamtoa. Masinde aliona kwamba ameambiwa achague kati ya kuwa Mkristo na kuwa Mbukusu, naye akachagua. Kuanzia hapo alizidi kuwarejea wazee wa ukoo, akiuliza mababu walimwabuduje Wele, jina ambalo Wabukusu humwitia Mungu, kabla ya meli za Wazungu kufika.

KATIKA MASHAMBA YA KITALE

Ili kufahamu kwa nini maneno yake yaliwaka kama moto wa nyika, yatupasa kupanda kutoka Kimilili mpaka Kitale. Si mbali, lakini katika zama za ukoloni ilikuwa kama kwenda nchi nyingine. Bungoma ilikuwa hifadhi ya Waafrika. Trans Nzoia, ambayo Kitale ni mji wake mkuu, ilikuwa nchi ya walowezi. Baada ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, serikali iliwagawia askari wa Kizungu waliostaafu mashamba makubwa huko. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mahindi yakawa ndiyo mali ya nchi ile. Waliolima ni Waafrika, na wengi wao walikuwa Wabukusu waliotoka Bungoma kutafuta kodi ya serikali.

Mtu aliyeingia katika mashamba hayo alitambuliwa kwa kipande, karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za waajiri wake, iliyotiwa katika kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Jirani yangu mzee alinionyesha siku moja mahali kamba yake ilipokuwa ikimkwaruza, akasema kwamba kile kikebe kilijua alikofanya kazi lakini hakikujua yeye ni nani.

Basi yeye ni nani, alijuaje? Mambo aliyonitajia yalikuwa matatu, nami nimeyaona kwa macho yangu. La kwanza ni majina. Mtoto wa Kibukusu aliyezaliwa katika shamba la Mzungu aliitwa Wafula ikiwa ni msimu wa mvua, Wekesa ikiwa ni mavuno, Wanjala ikiwa ni njaa, au alipewa jina la babu aliyekufa. La pili ni jando. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, vijana hupita mbio na njuga za chuma zinazoitwa chinyimba, wakiwaalika jamaa zao, na asubuhi ya siku yenyewe hupakwa tope mtoni na kusimama wima mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Akitahiriwa, kijana huingia katika rika lenye jina. Marika ni manane, nayo huzunguka hata jina la zamani likarudi tena baada ya miaka mia moja hivi.

La tatu ni mazishi. Akifa mzee mwenye kuheshimika, siku ya tatu huja msemaji maalumu, akatembea huku na huko kati ya watu waliokaa kimya, akasimulia safari ya kabila tangu Misri, kwa jinsi wanavyosema wenyewe, mpaka Elgon, na kuwausia walio hai. Nilipomsikia mara ya kwanza akiitaja Misri nilitabasamu moyoni, nikawakumbuka wazee wetu wa pwani na habari za Shirazi na Shungwaya. Kila watu wana mahali pa mbali wanapopataja ili wajue walipo.

Kwa mtu wa shamba mambo hayo matatu yalitosha kumkumbusha kwao, lakini hayakumpa nguvu ya kumjibu bwana wake. Nguvu hiyo ndiyo aliyoileta Masinde.

DINI YA MSAMBWA

Jina la Msambwa latokana na kimisambwa, mizimu ya wahenga. Mimi ni Mwislamu, na sina haja ya kuzipamba ibada ambazo si zangu. Nasimulia yaliyokuwa. Mnamo miaka ya 1940 Masinde na wenzake walianza kufundisha kwamba watu warudie desturi za mababu, waelekeze nyoyo zao mlima Elgon, na kwamba Wazungu watarudi walikotoka na ardhi itarejea kwa wenyewe. Walichanganya mafundisho ya jadi na yale waliyosoma katika Biblia, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusahau kwa makusudi alichokwisha kujifunza.

Wakati huo ulikuwa wa Vita Vikuu vya Pili. Serikali ilikuwa ikichukua watu kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na kuwalazimisha wenyeji kung'oa magugu kwa amri. Mwaka wa 1944 Masinde alikataa, akazozana na watu wa serikali, akafungwa. Kisha likafanyika jambo ambalo wazee walilisimulia kwa uchungu kuliko kifungo. Alipelekwa Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko mpaka mwaka wa 1947. Mtu akisema ardhi ni yake alionekana ana wazimu. Aliporudi nyumbani, waliomfuata walikuwa wameongezeka.

Septemba mwaka wa 1947 aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe, penye mifupa ya waliokufa mwaka wa 1895, wakachinja kondoo na kuwakumbuka. Kwa serikali huo ulikuwa uchochezi. Kwao ilikuwa ni hitima iliyochelewa miaka hamsini na miwili. Natumia neno letu hilo ili msomaji apate mfano tu. Simaanishi kwamba ibada zao na zetu ni mamoja.

Februari mwaka wa 1948 mambo yaliharibika. Tarehe 10, huko Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika, wakafa kumi na mmoja na wengine kujeruhiwa. Siku chache baadaye dini yake ilipigwa marufuku, na Masinde akasakwa mpaka akakamatwa. Hapo ndipo alipopelekwa Lamu.

Hata hivyo marufuku haikuuzima moto. Katika mashamba ya Trans Nzoia watu waliendelea kukutana usiku. Mali za walowezi zilichomwa, na kamatakamata ikawa nyingi. Mafundisho yalivuka mpaka wa Uganda kwa jamaa zao, na yakawafikia Wapokot. Huko, Aprili 1950, mahali panapoitwa Kolloa, wafuasi wa Lukas Pkech walipambana na kikosi cha serikali. Wapokot wapatao ishirini na tisa walikufa, pamoja na Lukas mwenyewe, na upande wa serikali wakafa maofisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika. Masinde alikuwa mbali, kisiwani, yote hayo yakitendeka.

KISIWANI

Nimefikiri sana juu ya safari hiyo. Kutoka Kimilili hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtu atokaye katika baridi ya mlima wenye mita 4,321, ambako asubuhi ukungu hukaa juu ya mahindi, alitelemshwa mpaka kwenye joto la kaskazi, minazi na mchanga. Zaidi ya hayo, alitolewa katika koloni akatiwa katika himaya. Wasomaji wa makamo wanakumbuka kwamba ukanda wa pwani, Lamu ikiwamo, ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, uliosimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka wa 1895, na bendera nyekundu ilipepea mpaka mwaka wa 1963. Kwa hiyo Masinde alihamishwa kutoka utawala wa Mfalme akapelekwa kwenye milki ya Sultani, na hali Mwingereza mmoja ndiye aliyeshika funguo za kote kuwili.

Waingereza walikuwa na desturi hiyo. Walijua kwamba mtu aliyeng'olewa kwao ni kama mti uliong'olewa. Harry Thuku walimpeleka Kismayu mwaka wa 1922. Mekatilili wa Menza, mama yetu wa Kigiriama, walimchukua mwaka wa 1913 wakampeleka magharibi, upande ule ule alikotoka Masinde. Yeye alitoroka akarudi kwao. Wa pwani alitupwa bara, na wa bara akatupwa pwani. Walitumaini kwamba kila mmoja atanyamazishwa na lugha ya wengine.

Lakini angalia mji waliomchagulia. Lamu ni mji uliojengwa na watu waliotoka kwingine. Wako waliotoka Hadhramaut, wako Wabajuni wa visiwani, wako wa Ngazija. Habib Saleh, aliyeanzisha chuo cha Riyadha na kufariki mwaka wa 1935, alitoka Visiwa vya Ngazija akawa fahari ya Lamu. Watu hao walijifunza Kiamu, wakaoa na kuolewa, lakini waliweka nasaba zao, na hata leo wengi watakutajia babu zao mpaka kizazi cha kumi. Mji kama huo haumshangai mtu anayekumbuka kwao. Unamshangaa asiyekumbuka.

Uhamisho wa Masinde ulidumu zaidi ya miaka kumi. Katika muda kama huo mtoto huzaliwa, akahitimu chuoni, akabaleghe. Masinde hakusilimu. Wala hakurudia Ukristo. Alirudi na jina lake, na dini yake ya mlimani, na neno lake juu ya ardhi, kama alivyoondoka. Nilipokuwa kijana niliona jambo hilo kama ukaidi. Nimekuwa mzee, naliona kwa namna nyingine. Sisi wenyewe tumewasifu wazee wetu waliokwenda Kongo na Uganda na misafara, wakakaa miongo kati ya watu wasioswali, na wao wakaswali. Tukisifu uthabiti wa wetu, haki inatutaka tuutambue uthabiti wa mwingine, hata kama hatukubaliani na alichokishikilia.

KUREJEA

Waliporuhusiwa kurudi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ilikuwa imebadilika. Alipoondoka, kwao kulikuwa sehemu ya wilaya kubwa iliyotawaliwa kutoka Kakamega. Aliporudi kulikuwa na wilaya yake, Elgon Nyanza, ambayo baadaye ilikuja kugawanywa ikapatikana Bungoma. Palikuwa na vyama, KANU na KADU. Vijana walikuwa wakisoma shule za wamisheni bila kuona haya. Mwaka wa 1962 tume ya mipaka ilikuja kuuliza watu wanataka kuwekwa na nani, na Wabukusu, Masinde Muliro akiwatangulia, waliidai Kitale. Hawakuipata. Trans Nzoia iliingizwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, na Bungoma ikawa Mkoa wa Magharibi. Mpaka ukapita tena kati ya mtu na jamaa zake.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, ingedhaniwa kwamba Elijah Masinde atapumzika. La hasha. Dini ya Msambwa iliachiwa huru kwa muda, kisha mwaka wa 1968 serikali ya Kenya huru ikaipiga marufuku tena. Masinde alifungwa, akaachiliwa, akafungwa tena. Sehemu kubwa ya utawala wa Mzee Kenyatta aliipitisha gerezani, mpaka alipoachiliwa mwaka wa 1978, Rais Moi aliposhika madaraka. Alifariki mwaka wa 1987, akazikwa kwao, Kimilili. Alikuwa amewazidi umri wengi wa waliomfunga.

Nilikuwa Bungoma alipofariki. Mji ulikuwa na utulivu wa aina fulani. Wako waliosema shujaa amekwenda, na wako waliosema kwamba alikuwa mtu wa fujo aliyekataa kuona kwamba dunia imegeuka. Nami nadhani wote walisema sehemu ya kweli. Mtu anayekaa mbali huibeba nchi yake moyoni kama ilivyokuwa siku aliyoiacha. Yeye huilinda isibadilike, kwa sababu ikibadilika atakuwa hana kitu. Lakini nchi yenyewe haimngoji. Watoto huzaliwa, barabara hukatwa, wimbo hupata maneno mapya. Akirejea, amani yake hutegemea kama ataweza kuilinganisha ile nchi ya moyoni na hii iliyo chini ya miguu yake. Masinde hakuweza, au hakutaka. Ile ya moyoni ndiyo iliyomtoa Lamu mzima, akili na roho, basi angeiachaje?

Sisi Waswahili wachache wa Kitale tulikuwa na ya kwetu. Msikitini tulikutana na Wanubi, Wasomali, Wahindi, na Waluhya waliosilimu kutoka upande wa Mumias. Nazi zilikuja kwa lori, nyingine zimeoza, nasi tulizinunua kwa bei yoyote Ramadhani ilipokaribia, ili futari isikose mbaazi za nazi. Wake zetu waliketi barazani jioni na leso mabegani kwa sababu ya baridi, wakisema Kimvita chao, na majirani wakija kuwasikiliza kama watu wasikilizao tarabu. Kila mwaka nilijitahidi kuwaleta watoto Mombasa, wawaone bibi na babu na bahari. Niliamini kwamba hiyo yatosha.

Mwishoni mwa mwaka wa 1991 na mwaka uliofuata, mapigano ya kikabila yaliingia katika mashamba ya Trans Nzoia. Watu waliozaliwa pale, watoto wa wale wa kipande, waliambiwa warudi kwao. Familia nyingi za Kibukusu zilikimbia na magodoro vichwani. Jirani yangu mzee alikuwa amenunua ekari chache karibu na mji kwa akiba ya maisha yake. Alikaa mlangoni siku nzima akiuliza kama sasa naye anapelekwa Lamu. Hakuwa akifanya mzaha. Lamu kwake lilikuwa limekwisha kuwa neno la kila mahali mtu anakopelekwa bila kutaka.

Mwaka huo niliifungasha nyumba yangu nikarudi Mombasa. Nilidhani nimerudi nyumbani, na mimi nilikuwa nimerudi. Lakini binti yangu mkubwa, aliyezaliwa Kitale, alipoulizwa na shangazi yake siku ya kwanza kwao wapi, alijibu kwa Kiswahili kilichojaa lafudhi ya Kibukusu kwamba kwao ni Kitale. Barazani wote waliangua kicheko. Mimi nilikumbuka kicheko changu mwenyewe mbele ya mzee yule mwaka wa 1979, nikanyamaza. Miaka mitano baadaye, Agosti 1997, huko Likoni, watu wa bara waliokuwa jirani zetu walishambuliwa na kufukuzwa, wakiambiwa maneno yale yale. Binti yangu alilia kwa siku mbili. Alielewa kuliko sisi.

Basi funzo gani nimelichuma katika maisha ya Elijah Masinde? Kwamba mtu aweza kubaki yeye popote, akiwa na jina alilopewa na watu wake, na ibada anayoishika, na kumbukumbu ya wafu wake. Havihitaji kipande wala ruhusa ya serikali. Vilevile, mwenye kuvithamini vyake apaswa ajue kwamba mgeni aliye mlangoni kwake naye anavyo, na kwamba kumfukuza mtu si njia ya kujilinda. Masinde aliwadai Wazungu ardhi waliyoichukua. Jirani yangu hakuchukua ardhi ya mtu. Aliilima ya wengine maisha yake yote, kisha akanunua kipande chake. Wanaoyachukua maneno ya kwanza wakayatumia dhidi ya mtu wa pili wameyasoma kichwachini.

Mzee huyo hakuondoka Kitale. Alifariki hapo miaka michache baadaye, nami nilipanda basi kwenda kumzika. Alikuwa amewausia wanawe wampeleke Kimilili, na wakampeleka. Siku ya tatu alikuja msemaji, akatembea kati ya watu, akaanza safari kutoka Misri. Alipofika kwenye zama za Wazungu aliitaja Lamu. Watu wakageuka kunitazama, kwa kuwa walijua kwetu. Mmoja wa wanawe akanisogezea kiti mbele.

Wahenga wetu walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Binti yangu sasa ni mama, anaishi Mombasa, na mwaka wa mavuno mema humletea mumewe mahindi ya Kitale yaliyochomwa, akisema ya huku hayana ladha. Mwanawe wa kwanza amempa jina la babu yangu wa Lamu. Wa pili, kwa ridhaa ya mumewe, ana jina la Kiislamu katika cheti na jina la Wekesa nyumbani, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno. Bibi yake alinuna kwa wiki moja. Siku hizi ndiye anayemwita hivyo kuliko sote.